Shajara ya mradi: kuwatafuta watu wa kijiji chetu waliokufa katika vita vya 1914–1918 na 1939–1945

Kijiji chetu kiko kwenye Milima ya Upare, juu ya Same. Tunaandika maisha ya watu waliotoka hapa kwenda kwenye vita viwili vya dunia na hawakurudi. Shajara hii tunaiongeza kila hatua inapokamilika, ili kijiji kingine kikitaka kufanya kazi kama hii kijue njia ipi inafika na ipi inapoteza nauli. Majina hatuyataji hapa. Familia zimeomba yaandikwe kwanza kwenye daftari la kijiji, nasi tumekubali.

Februari 2024: Nani aingie orodhani

Tulidhani hii ni hatua ya jioni moja. Ilichukua mwezi.

Kamati ni ya watu wachache: mwalimu mstaafu, katekista, imamu wa msikiti wa chini, mama mmoja anayejua koo zote za kitongoji cha juu, na mimi ninayeandika. Tulianza na kanuni ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, kwa kuwa ina tarehe zinazoeleweka. Vita vya kwanza wanahesabu waliokufa kuanzia 4 Agosti 1914 hadi 31 Agosti 1921, na vya pili kuanzia 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Tarehe zinavuka mwisho wa mapigano kwa sababu watu waliendelea kufa kwa majeraha na maradhi waliyoyapata kazini.

Tarehe tumezichukua. Swali la nani ni mwanajeshi ndilo lililotugawa. Mzee mmoja alitaka waandikwe askari peke yao, waliovaa sare na kushika bunduki. Wengine tulipinga. Katika vita vya kwanza watu wengi wa milima hii walikwenda kama wapagazi, wakabeba risasi, unga na machela. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika kampeni ya Afrika Mashariki wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi mno kuliko askari waliouawa kwa risasi. Kuhara damu, nimonia na malaria ndivyo vilivyowamaliza. Orodha ya askari tu ingeacha nje karibu kila aliyekufa kutoka kijiji hiki kati ya 1914 na 1918.

Uamuzi: anaingia yeyote aliyechukuliwa au aliyejiunga kwa kazi ya jeshi, la Wajerumani au la Waingereza, akafa akiwa huko, akiwa njiani kurudi, au nyumbani kwa ugonjwa aliorudi nao. Cheo hakiangaliwi.

Gharama: daftari kubwa la jalada gumu, kalamu, na chai ya vikao. Sh 38,000.

Aprili 2024: Dodoso lililoshindwa, na zamu za maji

Mwalimu aliandaa dodoso zuri la kurasa mbili: jina kamili la marehemu, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuondoka, kikosi, mahali alipofia. Vijana wakapita nyumba kwa nyumba. Karatasi zilirudi karibu tupu. "Alikwenda vitani, hakurudi" ndiyo sentensi iliyojirudia, na hapo mazungumzo yalikwisha.

Kosa halikuwa kwa wazee. Miaka na vikosi ni maswali ya karani, na familia haikuhifadhi kumbukumbu kwa mpangilio wa karani. Aliyetufungua macho ni bibi mmoja ambaye kijana wetu alikaribia kumuaga.

"Mwanangu, unaniuliza mwaka. Mimi mwaka siujui. Niulize shamba lile la chini lilikuwa la nani kabla ya baba yangu."

Lilikuwa la baba yake mkubwa. Kutoka hapo alisimulia kwa muda mrefu. Kaka yule alikuwa na zamu ya maji ya ndiva, yaani bwawa la kumwagilia mashamba, na alipochukuliwa zamu ilishikwa na mdogo wake. Baadaye ukazuka ugomvi: mke wa aliyeondoka alikataa kuiachia kwa kuwa hakuna aliyeleta habari ya kifo. Wazee wakasuluhisha kwamba mtoto akikua atarudishiwa zamu ya baba yake. Akarudishiwa.

Hii sasa ndiyo njia yetu kuu. Huku milimani maji ya ndiva na mifereji yake hugawanywa kwa zamu, na kila zamu ina historia ya nani alimwachia nani. Mtu akiondoka ghafla bila kuzeeka, zamu hubadilika mkono kwa namna isiyo ya kawaida, na watu hukumbuka kwa sababu paligombaniwa. Dodoso jipya lina maswali haya tu: shamba hili lilipitia mikono ya nani? Zamu ya maji je? Nani alibaki mjane kijana, na aliolewa tena au alikaa? Ni mtoto gani alipewa jina la mtu ambaye hakurudi? Alipendwa kwa lipi, au alichukiwa kwa lipi?

Swali la mwisho niliongeza mimi na nalisimamia. Hatukuanza kazi hii ili tupate tarehe za vifo. Mmoja alikuwa fundi wa kuzibua mifereji mpaka akaitwa vijiji vya jirani. Mwingine alikuwa na deni la mbuzi ambalo familia yake ililimaliza miaka mingi baada ya yeye kufa. Haya hayapo kwenye jalada lolote la jeshi, na yakipotea hapa yamepotea kabisa.

Kwa miaka tunatumia vigingi. Kwa vita vya kwanza: kabla au baada ya Waingereza kuingia Same, yaani katikati ya 1916, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma kufuata reli ya Tanga. Kwa vita vya pili kigingi kikubwa ni mbiru, mgomo wa Wapare dhidi ya kodi ya wakoloni. Kila mzee wa Upare anajua habari ya watu kwenda kukaa Same kupinga kodi ile Januari 1945. Ukiuliza "barua ilikuja kabla ya mbiru au baada yake?" unajibiwa bila kusita.

Gharama: nakala za dodoso la kwanza Sh 24,000, ambazo hazikuzaa kitu. Dodoso la pili limo kwenye ukurasa mmoja, Sh 9,000.

Juni 2024: Vitabu vya usharika, na alama ya msalaba

Wamisionari wa Leipzig walikuwa wameweka vituo Upare kabla ya vita vya kwanza, na vitabu vyao vya ubatizo na ndoa bado vipo. Tuliruhusiwa kuvipiga picha kwa masharti mawili: visitoke chumbani, na atakayefungua kurasa awe mmoja tu, mwenye mikono mikavu.

Tatizo la kwanza ni mwandiko. Wajerumani wa wakati ule waliandika kwa herufi za mkono ambazo hata anayejua Kijerumani cha leo hazisomi. Programu ya simu tuliyojaribu ilitoa maneno yasiyo na maana. Kilichofaa ni kutengeneza jedwali la herufi zetu wenyewe: tulichukua majina tuliyoyajua kwa hakika, ya watu waliozaa koo zilizopo, tukaangalia kila herufi imeandikwaje. Baada ya kurasa chache jicho linazoea. Kwa maandishi marefu mchungaji mstaafu aliyewahi kusoma Ujerumani alitusaidia kwa kutumiwa picha.

Tatizo la pili lilikuwa zito zaidi. Kando ya majina kadhaa ya wanaume pana alama ya msalaba. Tukafurahi, tukayahamisha yote kwenye orodha ya waliokufa vitani. Kisha mama wa kamati akasimama kwenye jina moja: "Huyu kaburi lake mimi nalijua." Tulipolinganisha tarehe, misalaba mingi iko mwishoni mwa 1918 na mwanzoni mwa 1919. Huo ni wakati wa homa kuu ya mafua iliyoua duniani kote, na msalaba ulimaanisha kifo cha aina yoyote. Tuliyafuta majina yale, tukaanza upya kwa kanuni kwamba alama ya kitabuni haitoshi mpaka familia iseme mtu alikuwa amechukuliwa.

Waliobaki baada ya mchujo ni wachache, na nina imani nao. Ushahidi bora haukutoka kwenye misalaba. Ulitoka kwenye kitabu cha ndoa: mjane anapoolewa tena, mwandishi analazimika kueleza mume wa kwanza yuko wapi.

Upande wa Waislamu hakuna kitabu cha namna hiyo, na nusu ya kijiji ingeachwa. Imamu ndiye aliyetoa wazo. Familia kadhaa zina karatasi za majina ya marehemu yanayosomwa kwenye hitima, zinazonakiliwa kila zinapochakaa. Mpangilio wake ni wa kizazi. Jina likikaa katikati ya ndugu ambao makaburi yao yanajulikana, na lenyewe halina kaburi, hapo pana la kuuliza. Njia hii imetupatia watu ambao hakuna mtoto aliyebaki kuwataja.

Gharama: nauli ya kwenda usharikani, sadaka, bando la kutuma picha. Sh 67,000.

Septemba 2024: Vita vya pili, na nguvu ya namba

Watanganyika takriban 87,000 walitumikia katika vita vya pili, na wengi wa kijiji chetu walikuwa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, ambao wazee wanawaita Keya. Vita hivi vina karatasi. Tume ya Makaburi ina orodha inayotafutika bure kwenye intaneti.

Tuliandika majina kama familia zinavyoyatamka. Hakuna hata moja lililotokea. Tukajaribu tahajia za Kiingereza, bado. Siku nzima ya bando iliisha hivyo.

Ufumbuzi ulikuwa ndani ya sanduku la bati. Familia moja ilikuwa na karatasi iliyokunjwa, maandishi yamefifia, lakini namba ya askari inasomeka. Tukatafuta kwa namba peke yake, naye akatokea mara moja. Jina lake limeandikwa R badala ya L, silabi ya mwisho imekatwa, na jina la baba limewekwa kana kwamba ni la kwake. Karani wa kuandikisha aliandika alichosikia, na askari hakuwa na nafasi ya kumsahihisha.

Tangu hapo kwa wasio na namba tunafanya hivi. Acha jina kamili. Chagua kikosi na mwaka, weka herufi tatu au nne za katikati ya jina, kisha soma orodha yote kwa sauti mbele ya mzee wa ukoo. Sikio linatambua kile ambacho jicho linakataa. Ukiona Keya ya 6, 26 au 36, simama uangalie vizuri, maana hizo ni za Tanganyika. Soma pia maelezo ya ziada, kwa kuwa baadhi ya maingizo yanataja baba au wilaya.

Yule wa sanduku la bati alikufa Oktoba 1944, na jina lake liko kwenye Ukumbusho wa Rangoon, palipoandikwa karibu watu 27,000 wasio na kaburi linalojulikana. Wakati ule Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikishuka Bonde la Kabaw katika mvua za masika ya Burma, njia zimegeuka tope, ikielekea Kalewa na Mto Chindwin. Kijana wetu anayesoma Uingereza alikwenda Hifadhi ya Taifa ya kule Kew na kupiga picha shajara ya kikosi, kwenye fungu la WO 172. Kupiga picha kwa simu yako ni bure. Ofisa aliyejeruhiwa anatajwa kwa jina. Askari wetu wanatajwa kwa idadi. Lakini tarehe na mahali vimekubaliana na orodha ya Tume, na familia sasa inajua ni bonde gani na ni mvua gani.

Mjukuu wake aliuliza kama mwili unaweza kurudishwa. Tulimwambia ukweli, kwamba kaburi halijulikani. Ni mazungumzo magumu. Msimpeleke kijana peke yake kuyafanya. Aende mtu mzima wa ukoo.

Desemba 2024: Aliyechukuliwa na bahari

Familia moja imesema miaka yote kwamba mtu wao "alimezwa na bahari Mombasa". Tulitafuta ajali za Mombasa, hatukupata. Tukahama tukatafuta kwa kigingi: habari ilifika kabla ya mbiru, wakati wa kahawa kuiva, na alikuwa "wa mizinga".

Neno hilo la mizinga ndilo lililofungua. Meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo mwanzoni mwa Februari 1944. Ndani yake, pamoja na wengine, kilikuwamo Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, ikazama katika dakika chache mno. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwamo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Mombasa ilikuwa mahali alipoonekana mara ya mwisho, na hadithi ya nyumbani ikabaki pale pale alipoonekana. Jina lake tumelikuta kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, katika makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong.

Nawaomba mnaofuata njia hii msiitupe simulizi ya familia kwa sababu kipande kimoja hakikai. Mahali palikosewa, mengine yote yalikuwa sahihi.

Mpwa wake alikwenda Nairobi kwa gharama yake na kuligusa jina kwenye ukuta. Picha imewekwa daftarini.

Machi 2025: Wapagazi hawamo

Hii ndiyo hatua iliyokula fedha nyingi na kuleta kidogo. Wawili wetu tulikwenda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa Dar es Salaam, na barua ya mtendaji wa kijiji, kutafuta majina ya wapagazi wa 1916 hadi 1918. Nauli, malazi na nakala: Sh 310,000. Tulisoma majalada ya wilaya tuliyoletewa. Kuna idadi za watu waliotakiwa, na kuna malalamiko kwamba watu wanakimbilia porini. Majina ya waliokufa hatukuyaona.

Tulipita pia kwenye Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa mikono na miguu ya jeshi, na yanaahidi kwamba hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Hakuna jina hata moja limeandikwa pale. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba wanajeshi na vibarua wa vita vya kwanza wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi. Msingi wa Tume tangu 1917 ulikuwa kwamba wafu wote watendewe sawa. Kwa watu wetu msingi huo haukufuatwa, na hilo lazima liandikwe kwenye kitabu cha kijiji bila kulainishwa.

Ushauri wangu kwa mwenye fedha kidogo: kwa wapagazi, anzeni na zamu za maji, vitabu vya ndoa na karatasi za hitima, na mmalizie hapo. Dar es Salaam uende mwisho, ukiwa na jalada mahususi unalolijua kwa namba.

Kwa kuwa hakuna karatasi, tumeweka kipimo chetu: mpagazi anaingia akithibitishwa na matawi mawili ya ukoo yasiyokaa pamoja, kila moja likiulizwa peke yake. Matawi yakipishana juu ya mahali au chanzo cha kifo, tunaandika maelezo yote mawili. Wengi wanatajwa kwamba waliishia "Rufiji". Inaaminika: mapema 1917 mvua na mafuriko ya bonde lile viliwakamata watu waliokuwa na chakula kidogo, na watu wa milimani walizidiwa haraka na maradhi ya bondeni.

Julai 2025: Pande mbili, orodha moja

Jambo hili tuliliogopa tangu mwanzo. Mmoja wa watu wetu alikuwa askari wa Wajerumani na anasemekana kufa karibu na Mahiwa, nyuma ya Lindi, ambako mapigano ya Oktoba 1917 yaliwaua na kuwajeruhi zaidi ya 2,000 kwa upande wa Waingereza. Mwingine, wa ukoo unaopakana naye shamba, alibebea Waingereza mizigo kusini miezi ile ile. Familia ya wa kwanza ilitaka jina lifichwe, kwa kuogopa kuambiwa babu yao aliwasaidia waliowachapa watu viboko. Familia ya wa pili haikutaka majina yakae karibu.

Tulipeleka suala mkutano wa kijiji. Mwenyekiti aliwaachia wazee waseme kwanza, na waliosema zaidi walikuwa wanawake. Hoja iliyoshinda ni kwamba hakuna kati ya wale wawili aliyeitangaza vita ile, na kwamba wote wawili waliacha wake waliongoja wakitazama njia moja ya kushukia Same. Orodha itapangwa kwa koo, na ndani ya ukoo kwa kizazi. Upande na cheo vitaandikwa ndani ya maisha ya mtu, wala havitatumika kupanga majina. Familia zote mbili zilikubali, ya pili baada ya wiki kadhaa na kwa moyo mzito.

Oktoba 2025: Tulipofika

Daftari la kwanza limejaa, nakala mbili zimechapwa na kujaladiwa: moja ofisi ya kijiji, moja shule ya msingi. Sh 96,000. Picha za karatasi zote zimehifadhiwa kwenye kadi mbili za kumbukumbu zinazokaa nyumba tofauti, kwa sababu ya panya na moto.

Ukuta wa majina tuliokuwa tunauota umesogezwa mbele. Fundi alitoa bei ya Sh 1,450,000 kwa zege na bamba, na hatuna. Naona ni heri, kwani bado tunarekebisha tahajia, na jina likichongwa vibaya tutakuwa tumerudia kazi ya yule karani.

Yaliyobaki wazi ni haya. Watu watatu wa vita vya pili wanasemekana walikuwa Pioneer, yaani vibarua wa jeshi, huko Misri, hawana namba. Tunasoma orodha za makaburi ya Heliopolis kwa sauti kila Jumapili alasiri, mzee mmoja kwa zamu. Mjane mmoja wa 1917 aliolewa tena upande wa Usangi, na wajukuu zake huenda wana habari za mume wa kwanza. Tumepata simu ya diwani wa kule. Na Tume tumeiandikia kuhusu tahajia ya yule wa Rangoon, tukiambatisha karatasi ya sanduku la bati na barua ya ukoo. Jibu likija litaandikwa hapa.